Haki za mfanyakazi mgeni anapopunguzwa kazini: Kibali kinapomfuata mwajiri

Kila mfanyakazi anayeambiwa kwamba nafasi yake haihitajiki tena hupoteza mshahara. Mfanyakazi mgeni, ambaye kibali chake kimetolewa kwa ajili ya mwajiri mmoja tu, hupoteza zaidi ya hapo. Siku ajira inapokatika, msingi wa kisheria wa kuishi kwake katika nchi ile hukatika pia, na mara nyingi haki ya mke na watoto wake kukaa naye huondoka pamoja nayo.

Suala hili linawahusu wakazi wa Kaunti ya Kwale kwa njia mbili. Kwa upande mmoja, pwani ya kusini imekuwa mwenyeji wa wafanyakazi kutoka nje kwa miongo mingi: vibarua wa mashamba ya mkonge na miwa, mameneja na wapishi wa hoteli za Diani, wakufunzi wa kupiga mbizi, wahandisi wa migodi, na majirani kutoka Tanzania wanaoingia kupitia mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro. Kwa upande wa pili, vijana wa Ukunda, Msambweni na Kinango huondoka kila mwaka kwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, udereva, ulinzi na hoteli. Huko wao ndio wageni, na viza zao zimo mikononi mwa waajiri.

Ni vyema, basi, kuelewa sheria inampa nini mfanyakazi wa aina hii kazi inapokwisha bila kosa lake, na inamnyima nini.

Pwani iliyozoea kupoteza kazi

Uchumi wa pwani ya kusini umejengwa juu ya shughuli chache zinazoajiri watu wengi kwa pamoja. Shughuli moja inapotikisika, mamia ya watu hujikuta nje ya lango kwa wakati mmoja.

Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka wa 1988, na eneo zima la Msambweni likapoteza mwajiri wake mkuu. Mnamo Agosti 1997, ghasia zilizoanzia Likoni ziliwafukuza watalii, na hoteli za Diani zikabaki tupu. Hali ilijirudia baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwezi Mei 2014, Uingereza ilipowatahadharisha raia wake dhidi ya kuzuru sehemu za Pwani, kampuni za utalii ziliwarejesha wateja wao nyumbani na baadhi ya hoteli zikafunga milango. Mnamo Machi 2020 safari za ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na hazikuanza tena hadi Agosti mwaka huo.

Tukio la hivi karibuni ni la mgodi wa kampuni ya Base Titanium. Mgodi huo, uliosafirisha shehena yake ya kwanza kupitia bandari ndogo ya Likoni mwaka wa 2014, ulimaliza uchimbaji mwishoni mwa mwaka wa 2024 baada ya akiba ya madini kwisha. Tofauti na misukosuko ya utalii, mwisho wa mgodi ulijulikana mapema. Hata hivyo, kujua mapema hakumwondolei mfanyakazi maswali yale yale: nitalipwa nini, lini, na baada ya hapo nitakwenda wapi?

Fundisho la Wamakonde

Hakuna kisa kinachoonyesha hatari ya kazi kwisha bila hati kama kile cha jamii ya Wamakonde wa Makongeni, Msambweni.

Asili ya jamii hii ni kaskazini mwa Msumbiji. Kuanzia miaka ya 1930, wakati wa ukoloni wa Waingereza, watu wake waliletwa na wengine wakaja wenyewe kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wengine walifika baadaye, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Muda wote kazi ilipokuwepo, suala la uraia halikuonekana kuwa la haraka. Mfanyakazi alitambuliwa shambani na kiwandani.

Ajira za mashamba zilipopungua na kiwanda cha Ramisi kilipofungwa, utambulisho huo uliondoka. Waliobaki, pamoja na watoto na wajukuu waliozaliwa Kwale, hawakuwa raia wa Kenya, na Msumbiji haikuwa nchi waliyoijua. Bila kitambulisho hawakuweza kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu kwa jina lao, kumiliki ardhi wala kuajiriwa rasmi. Wengi waliishi kwa uchongaji wa vinyago, ukulima mdogo na vibarua.

Mnamo Oktoba 2016, mamia yao walifanya matembezi kutoka Kwale hadi Nairobi kudai kutambuliwa. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwapokea katika Ikulu, akaomba radhi kwa kucheleweshwa kwao na kuagiza waandikishwe kabla ya mwisho wa mwaka. Mapema mwaka wa 2017 walianza kupewa vitambulisho, na Wamakonde wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Kutoka kufungwa kwa Ramisi hadi kupatikana kwa vitambulisho hivyo ilipita karibu miaka 30. Mgeni aliyeletwa kwa ajili ya kazi alibaki bila kazi na bila nchi, kwa sababu hakuna aliyejiuliza mapema atakuwa nani siku kazi itakapokwisha.

Sheria ya Kenya inasema nini

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inafafanua kupunguzwa kazini kuwa ni kupoteza ajira bila hiari na bila kosa la mfanyakazi, kwa uamuzi wa mwajiri, kwa sababu huduma ya mfanyakazi huyo imezidi mahitaji au nafasi yake imefutwa. Hoteli inayofunga mrengo mmoja kwa kukosa wageni inapunguza wafanyakazi. Mwajiri anayemfukuza mtu kwa wizi au utoro hapunguzi. Huko ni kufuta kazi kwa sababu ya mwenendo, na kuna utaratibu wake tofauti.

Kifungu cha 40 cha sheria hiyo kinaweka masharti ambayo lazima yatimizwe kabla ya mtu yeyote kupunguzwa.

Sharti la kwanza ni ilani. Ikiwa mfanyakazi ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mwajiri lazima akiandikie chama hicho na afisa wa leba wa eneo, akieleza sababu na kiwango cha upunguzaji, si chini ya mwezi mmoja kabla ya tarehe iliyokusudiwa. Katika hoteli nyingi chama husika ni KUDHEIHA. Ikiwa mfanyakazi hana chama, lazima aandikiwe yeye binafsi, na afisa wa leba aarifiwe pia.

Sharti la pili linahusu namna ya kuchagua nani aondoke. Mwajiri anatakiwa kuzingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja katika kundi la kazi linaloguswa. Hawezi kumchagua mtu kwa sababu ni mwanachama wa chama au kwa sababu hakujiunga nacho.

Sharti la tatu ni malipo. Mfanyakazi hulipwa siku zote za likizo ambazo hakuzitumia. Hupewa ilani ya kuachishwa ya angalau mwezi mmoja au mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Zaidi ya hayo, hupewa malipo ya kupunguzwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Palipo na mkataba wa pamoja kati ya chama na waajiri wenye viwango vya juu zaidi, viwango hivyo ndivyo vinavyofuatwa.

Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Kenya Airways mwaka wa 2014 na tena katika kesi ya kampuni ya Cargill mwaka wa 2021, ilisisitiza umuhimu wa mashauriano. Ilani ya kwanza, ile ya nia, inakusudiwa kuwapa mwajiri, wafanyakazi na chama nafasi ya kutafuta njia ya kuepusha upunguzaji au kupunguza makali yake. Mwajiri anayetoa barua moja asubuhi na kufunga lango jioni hajatimiza sheria, hata akilipa pesa zote.

Hesabu ya malipo

Kwa mfano, chukua mpishi anayepata Sh30,000 kwa mwezi, aliyetumikia hoteli moja kwa miaka 8 na miezi 5, na ambaye hajatumia siku 14 za likizo. Ikiwa mshahara wa siku unapatikana kwa kugawanya mshahara wa mwezi kwa siku 30, basi siku moja ni Sh1,000.

Malipo ya kupunguzwa ni Sh15,000 kwa kila mwaka kamili, yaani Sh120,000 kwa miaka 8. Ile miezi 5 ya ziada haihesabiwi, kwa kuwa sheria inataja miaka kamili. Mshahara badala ya ilani ni Sh30,000 na likizo ni Sh14,000. Jumla ni Sh164,000 kabla ya kodi na makato mengine ya kisheria. Mshahara wa siku alizofanya kazi hadi tarehe ya mwisho ni juu ya hizo.

Baadhi ya waajiri hudai kwamba mfanyakazi anayechangia Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, hana haki ya malipo haya. Dai hilo linachanganya mambo mawili. Malipo ya utumishi yanayotajwa katika kifungu cha 35 ndiyo ambayo mwanachama wa NSSF hapewi. Malipo ya kupunguzwa chini ya kifungu cha 40 ni kitu kingine, na uanachama wa NSSF hauyafuti.

Suala jingine ni la mikataba ya msimu. Hoteli za Diani hupungukiwa na wageni wakati wa masika, kati ya Aprili na Juni, na nyingine huajiri kwa miezi michache tu. Mkataba wa muda maalumu unapofika tarehe yake, kwa kawaida huko si kupunguzwa bali ni mwisho wa mkataba. Lakini kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au anayepewa kazi isiyotarajiwa kumalizika kabla ya miezi 3, hulindwa na kifungu cha 37. Kwa kifungu hicho huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, hata kama mwajiri anaendelea kumwita kibarua.

Je, mgeni yumo?

Mgeni aliyeajiriwa nchini kihalali ni mwajiriwa kama mwingine, na kifungu cha 40 hakitofautishi raia na asiye raia. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi kwa misingi ya uraia, na kinawataka waziri, maafisa wa leba na mahakama kuhakikisha usawa wa nafasi kwa mfanyakazi mhamiaji aliye nchini kihalali pamoja na familia yake.

Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, inaruhusu Mkenya kupewa kipaumbele katika kuajiriwa kulingana na sera ya taifa ya ajira, na hilo halihesabiwi kuwa ubaguzi. Kwa hiyo mgeni hawezi kulalamika kwamba nafasi mpya ilitangazwa kwa ajili ya Wakenya. Anachoweza kudai ni kwamba, akipunguzwa, apunguzwe kwa utaratibu ule ule na alipwe kwa kipimo kile kile.

Ugumu unaanzia katika sheria nyingine. Chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka wa 2011, mgeni anayeajiriwa huhitaji kibali cha daraja D. Kibali hicho hutolewa kwa kazi maalumu na mwajiri maalumu, baada ya kuonyeshwa kwamba ujuzi unaotakiwa haupatikani nchini. Mgeni anapoacha kufanya kazi hiyo, kibali hukosa nguvu. Mwajiri mpya hawezi kukitumia. Lazima aombe kingine. Pasi za wategemezi, yaani mke, mume au watoto, husimama juu ya kibali cha mwenye kazi, na kikianguka nazo huanguka.

Matokeo yake ni kwamba sheria ya ajira inampa mgeni miaka 3 ya kufungua kesi ya madai yake, ilhali sheria ya uhamiaji inaweza kumtaka awe ameondoka kabla hajapata hata wakili. Haki anayo, lakini muda wa kuidai akiwa nchini hana. Ndiyo maana mwezi mmoja wa ilani una thamani kubwa kwa mgeni kuliko kwa mwenyeji. Mwenyeji akilipwa mshahara wa mwezi badala ya ilani, huenda akaridhika. Mgeni akilipwa hivyo na kuachishwa siku hiyo hiyo, amenyang'anywa siku 30 za kukaa kihalali, ambazo angezitumia kutafuta mwajiri mwingine, kuhamisha watoto shule au kufuatilia haki zake.

Mkataba ambao Kenya iliuridhia

Pengo hili halikusahauliwa na sheria za kimataifa. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Mkataba nambari 143 mwaka wa 1975 kuhusu wafanyakazi wahamiaji. Kenya iliuridhia mwaka wa 1979, miaka 14 baada ya kuridhia Mkataba nambari 97 unaohusu suala hilo hilo.

Ibara ya 8 ya Mkataba nambari 143 inasema kwamba mfanyakazi mhamiaji aliyeishi nchini kihalali kwa ajili ya kazi asihesabiwe kuwa amevunja sheria kwa sababu tu amepoteza kazi hiyo. Kupoteza kazi peke yake hakupaswi kumwondolea kibali cha kuishi au cha kufanya kazi. Aidha, mhamiaji huyo anastahili kutendewa sawa na raia kuhusu usalama wa ajira, kupata kazi mbadala na mafunzo mapya.

Ibara ya 2 ya Katiba inasema kwamba mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Hivyo, kuna sheria ya nchi inayokifuta kibali kazi inapokwisha, na kuna mkataba ulioridhiwa unaosema kisifutwe kwa sababu hiyo pekee. Mgeni anayeomba Idara ya Uhamiaji imruhusu kubaki kwa muda ili atafute mwajiri mwingine au amalize kesi yake haombi hisani tu. Ana ibara ya kuegemea.

Kwa raia wa Tanzania na nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna kinga ya ziada. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inawapa raia wa nchi wanachama haki ya kutafuta kazi, kuingia mkataba, kukaa katika nchi nyingine kwa ajili ya kazi hiyo na kuandamana na familia, bila kubaguliwa katika ujira na masharti ya kazi. Kibali bado kinahitajika. Mdigo wa Tanga anayevuka Horohoro kufanya kazi Ukunda bila kibali, hata akiwa na ndugu pande zote mbili za mpaka, atapata taabu kubwa kudai malipo yake siku atakapoachishwa.

Watoto wa Kwale ughaibuni

Hali inageuka mkazi wa Kwale anapokuwa yeye ndiye mgeni. Katika nchi za Ghuba, mfumo unaojulikana kama kafala humfunga mfanyakazi kwa mdhamini wake, ambaye ndiye mwajiri. Mfumo huo umelegezwa kwa viwango tofauti katika miaka ya karibuni.

Qatar iliondoa mwaka wa 2020 sharti la kupata idhini ya mwajiri kabla ya kuhamia kwa mwingine. Saudi Arabia iliruhusu, kuanzia Machi 2021, wafanyakazi wa sekta ya kibinafsi kuhama bila idhini baada ya mwaka mmoja, lakini mageuzi hayo hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa familia na watunza bustani, ambazo ndizo kazi zinazowachukua Wakenya wengi. Oman nayo iliondoa sharti la idhini ya mwajiri wa zamani mwanzoni mwa mwaka wa 2021.

Nchi hizo hazina malipo ya kupunguzwa kwa mfano wa Kenya. Badala yake zina kiinua mgongo cha mwisho wa utumishi, ambacho hulipwa mfanyakazi anapoachishwa. Saudi Arabia hutoa nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na mshahara wa mwezi mzima kwa kila mwaka unaofuata. Katika Milki za Kiarabu, UAE, ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza na wa siku 30 baadaye, kwa aliyetimiza angalau mwaka mmoja. Qatar hutoa si chini ya wiki 3 kwa mwaka, na sheria yake ya mwaka wa 2017 iliwapa wafanyakazi wa nyumbani kiwango hicho hicho. Oman, kwa sheria ya mwaka wa 2023, hutoa mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka.

UAE ilianzisha pia, kuanzia Januari 2023, bima ya lazima ya kupoteza kazi. Mfanyakazi aliyechangia kwa miezi 12 mfululizo hulipwa asilimia 60 ya mshahara wake wa msingi kwa muda usiozidi miezi 3, mradi aombe ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Wafanyakazi wa nyumbani hawamo. Nchini Qatar, hazina iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2018 inakusudiwa kuwalipa wafanyakazi ambao waajiri wao wameshindwa kuwalipa.

Katika nchi hizi hatari kubwa si kukosa pesa peke yake. Mwajiri asiyetaka kulipa anaweza kuripoti kwamba mfanyakazi ametoroka. Mtu aliyepunguzwa kwa maneno ya mdomo, akaambiwa aondoke nyumbani au kambini, hujikuta akitafutwa kama mtoro. Hivyo barua ya kuachishwa, yenye tarehe na sababu, ni kinga ya uhuru wake kabla ya kuwa ushahidi wa madai yake.

Uingereza, ambako Wakenya wamekwenda kwa viza za kudhaminiwa na waajiri, hasa katika uuguzi na utunzaji wa wazee, ina utaratibu wake. Mfanyakazi aliyetimiza miaka 2 kwa mwajiri mmoja hustahili malipo ya kupunguzwa sawa na Mwingereza. Lakini mwajiri anapoacha kumdhamini lazima aiarifu serikali, na kwa kawaida viza hufupishwa hadi siku 60. Ndani ya siku hizo apate mdhamini mwingine au aondoke.

Kabla ya kuondoka

Ulinzi wa mtu anayekwenda ng'ambo huanzia nyumbani. Sheria ya Ajira ya Kenya inataka mkataba wa kazi ya nje uandikwe, utiwe sahihi na uthibitishwe na afisa wa leba, ambaye kwanza ahakikishe kwamba mfanyakazi ameuelewa na hakulazimishwa wala kudanganywa. Mawakala wa ajira za nje wanatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Anayepita njia ya mkato kwa kupewa viza ya kitalii na ahadi ya mdomo hana mkataba wa kuonyesha siku kazi itakapokwisha.

Kabla ya kutia sahihi, mfanyakazi anapaswa kutazama mambo manne katika mkataba: muda wake, ilani inayotolewa unapovunjwa mapema, kiinua mgongo, na nani analipa nauli ya kurudi. Katika Saudi Arabia na Qatar, sheria za kazi humbebesha mwajiri nauli hiyo mkataba unapokwisha. Nakala moja iachwe kwa jamaa nyumbani.

Siku barua inapofika

Mfanyakazi anayepokea habari za kupunguzwa, awe mgeni huku Diani au Mkenya ng'ambo, anashauriwa kufuata hatua zifuatazo.

Kwanza, adai barua. Maneno ya meneja hayatoshi.

Pili, asitie sahihi hati inayosema amelipwa kila kitu kabla ya kupokea pesa na kuzihesabu. Vilevile asikubali kuandika barua ya kujiuzulu kwa ahadi kwamba atalipwa haraka. Anayejiuzulu kwa hiari hahesabiwi kuwa amepunguzwa.

Tatu, aombe ilani aitumikie badala ya kulipwa pesa zake, ikiwa kibali chake kinategemea ajira hiyo. Mwajiri halazimiki kukubali, lakini wengi hawajui tofauti inayoletwa na jambo hilo kwa mgeni, na huenda wakakubali wakielezwa.

Nne, akusanye hati: mkataba, karatasi za mishahara, barua za likizo, nakala ya pasipoti na kibali. Nchini Kenya mwajiri analazimika kutoa cheti cha utumishi kwa kila aliyefanya kazi kwa angalau wiki 4.

Tano, alalamike mapema. Nchini Kenya, anayeona ameachishwa isivyo haki anaweza kwenda kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3, au kufungua kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo kwa wakazi wa Kwale iliyo karibu ni ile ya Mombasa, ndani ya miaka 3. Mahakama ikiona utaratibu ulikiukwa, inaweza kuamuru fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12 juu ya malipo ya kawaida. Mgeni anayelazimika kuondoka aache hati ya uwakilishi kwa wakili au chama chake, ili kesi iendelee bila yeye. Mkenya aliye Ghuba apeleke malalamiko kwa wizara ya kazi ya nchi ile na kuuarifu ubalozi wa Kenya kabla viza yake haijafutwa, kwa kuwa baada ya hapo atakuwa akizungumza na maafisa wa uhamiaji badala ya wale wa kazi.

Ikumbukwe pia kwamba kampuni inapofilisika, masharti ya kifungu cha 40 hayatumiki. Wafanyakazi huwasilisha madai yao chini ya sehemu ya sheria inayohusu waajiri waliofilisika, na mara nyingi hupata kidogo na kwa kuchelewa. Hoteli inayoanza kuchelewesha mishahara msimu baada ya msimu inatoa ishara ambayo mfanyakazi hapaswi kuipuuza.

Wanaotunga sera nao wana la kufanya. Kenya hudai kwa haki kwamba raia wake walioko Riyadh, Doha na Muscat wasigeuzwe wahalifu kwa sababu tu mwajiri amewaachisha. Dai hilo litakuwa na nguvu zaidi ikiwa mpishi wa kigeni anayepunguzwa Diani, au kibarua kutoka Tanga anayepunguzwa Msambweni, naye atapewa muda wa kutosha, kihalali, wa kudai alichokitolea jasho.